Zawadi ya vipodozi vya bei ghali, na midomo inachubuka: je, nivitupe?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 27, ngozi yangu ni maji ya kunde. Pua na paji la uso hutoa mafuta, mashavu ni ya kawaida. Nafunga ndoa baada ya miezi mitatu. Mama mdogo amerudi kutoka Dubai akaniletea zawadi za majina makubwa: lipstiki tatu (mbili ni zile za maji zinazokauka mdomoni), seti ya brashi za manyoya ya mbuzi na sabuni ya uso yenye povu jingi. Nilianza kuvitumia vyote siku moja. Wiki ya pili midomo ikaanza kuwasha na kuchubuka, na sasa kingo zake zimekuwa nyeusi. Mashavuni nimetoka vipele vidogo ambavyo sijawahi kuwa navyo, na nikinawa uso unakaza. Brashi sijaziosha kwa sababu niliambiwa manyoya halisi yanaharibika. Nazipakia faundesheni ya maji. Rafiki yangu mmoja anasema ngozi inatoa uchafu, nivumilie. Mwingine alisugua lipstiki kwa pete ya dhahabu, ikatoka alama nyeusi, akasema zina madini ya risasi na ni feki. Kweli vitu vya bei hiyo vinaweza kudhuru? Nivitupe? Na rangi ya siku ya harusi nitaichaguaje bila kununua kwa kubahatisha?"

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa ndoa inayokuja.

La kwanza, ili usisome huku unaendelea kujiumiza: kuanzia leo lipstiki zote tatu zipumzike, brashi zipumzike, na sabuni hiyo iingie kabatini. Usitupe kitu. Hata maboksi yatunze, tutayahitaji.

Sasa tuzungumze kuhusu bei, maana naona ndiyo iliyokuchanganya. Mwaka 2020 kampuni ya Hermès ya Ufaransa ilipotoa lipstiki zake za kwanza, moja iliuzwa Marekani kwa dola 67, na ya kujazia, yaani rangi ileile bila kasha lake, kwa dola 42. Dola 25 zilikuwa za kasha. Sisemi ni wizi. Kasha lenyewe ni zuri na linajazwa tena. Nasema tu kwamba kwenye vipodozi sehemu ya bei hulipia vitu visivyoigusa ngozi kabisa. Vinavyoigusa vinafanana kuliko unavyodhani: nta, mafuta, unga wa rangi, manukato. Kampuni moja, L'Oréal, inamiliki Lancôme ya duka la kifahari, Maybelline ya duka la kawaida, na CeraVe ambayo sisi madaktari wa ngozi huwaelekeza wagonjwa. Ukilipa zaidi mara nyingi unapata rangi iliyosagwa laini, inayoteleza vizuri mdomoni na kukaa muda mrefu. Hizo ni faida halali, nami sitamcheka anayezilipia. Lakini hakuna hata moja kati yake inayoizuia kinga ya mwili wako kukataa kiambato kimoja kati ya thelathini. Tena bidhaa za kifahari hupenda kunukia, na manukato ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa vipodozi duniani kote.

Habari ya pete ya dhahabu imezunguka kwenye simu za watu kwa miaka mingi. Haipimi risasi. Alama nyeusi hutokana na msuguano wa madini ya pete na vilivyomo kwenye lipstiki, na risasi huonekana maabara tu. Ni kweli kwamba lipstiki nyingi zina chembe ndogo za risasi zinazoingia pamoja na madini ya rangi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipima lipstiki 400, wastani ukawa sehemu 1.11 kwa kila milioni, wakati kiwango cha juu inachopendekeza ni 10. Kiasi hicho hakiwezi kukuwasha midomo wiki ya pili.

Ufeki unawezekana, sitauficha. Tazama namba ya toleo iliyogongwa chini ya lipstiki: inapaswa kulingana na ya kwenye boksi. Tazama makosa ya herufi. Nusa, harufu ya mafuta ya taa au ya mafuta yaliyochacha si dalili njema. Muulize mama mdogo kwa upole alinunua wapi, dukani penye risiti au kwenye meza ya sokoni. Hapa Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, lakini zawadi iliyokuja ndani ya begi la msafiri haijapita mikononi mwa mkaguzi yeyote. Hata hivyo usiutegemee ufeki kama jibu lako. Dalili ulizoandika nimeziona mara nyingi kwa watu wenye bidhaa halisi kabisa, na kosa lililofanyika kwako liko kwingine: vitu vitano vipya viliingia usoni siku moja. Hata mimi nikikuona kliniki leo siwezi kukuambia kwa uhakika ni kipi. Naweza kukuambia kila kimoja kinavyodhuru, kwa sababu lipstiki, brashi na sabuni hudhuru kwa njia tatu tofauti, na kwa hiyo hata kuvijaribu ni kwa njia tatu tofauti.

Mdomo si ngozi ya kawaida. Tabaka lake la juu ni jembamba sana, na hauna zile tezi za mafuta zinazolainisha uso. Ndiyo maana pua inaweza kumeremeta jua likiwa utosini huku midomo imekauka. Maji hutoka humo upesi kuliko mashavuni. Sasa fikiria zile lipstiki mbili za maji. Ndani yake mna mafuta mepesi yanayoruka hewani, kwenye lebo mara nyingi yameandikwa Isododecane, yaliyobeba rangi pamoja na kitu chenye kunata kinachounda utando. Ukipaka, mafuta yanaruka ndani ya dakika chache na utando unabaki. Ndiyo maana hauachi alama kwenye kikombe cha chai. Lakini mdomo unakunjuka siku nzima, unaongea, unakula, unacheka, na utando haukunjuki nao. Unavuta ngozi hadi unapasuka. Jioni unautoa kwa kusugua, na unabanduka na ngozi. Kesho unapaka tena juu ya mchubuko ambao huuoni. Wiki mbili za namna hiyo zinatosha kuchubua midomo ya mtu yeyote. Hapo ngozi imechokozwa tu, hakuna mzio wowote, na dawa yake ni mapumziko.

Uwezekano wa pili ni mzio wenyewe, na huo una tabia yake. Kinga ya mwili inapokutana na kiambato kwa mara ya kwanza, hutumia siku kumi hivi au zaidi kukizoea kwa ubaya, kimyakimya, bila dalili. Baada ya hapo kila ukipaka hujibu ndani ya siku moja hadi tatu, na kiasi kidogo tu kinatosha. Wagonjwa huniambia, "Lakini daktari, nilikipaka wiki nzima bila shida." Wiki nzima bila shida haithibitishi kitu. Kuna hata wanaopata mzio wa lipstiki waliyoipaka miaka mingi. Kwako kinachonielekeza kwenye mzio ni huko kuwasha, kwani ngozi iliyochokozwa tu huuma na kukaza zaidi ya inavyowasha. Lakini viwili hivi hupenda kufuatana: midomo iliyochubuka huruhusu viambato kupenya ndani, na mzio hupata mlango.

Ukisoma lebo, washukiwa wangu ni hawa: Parfum au Aroma, mafuta ya mnanaa na mdalasini yanayowekwa ili midomo ionekane imejaa, lanolini, ambayo ni mafuta ya sufu ya kondoo, Propyl Gallate, inayozuia mafuta yasichache, baadhi ya rangi nyekundu, na Ricinus Communis, yaani mafuta ya nyonyo. Haya ya nyonyo nayataja kwa makusudi. Yamo katika lipstiki nyingi mno na watu wengi hayawadhuru, ila wachache huwaletea mzio wa midomo, na mtu aliyeumizwa na lipstiki hukimbilia kujipaka mafuta ya nyonyo usiku kwa sababu ni ya asili. Anajitibu kwa sumu yake mwenyewe, halafu anashangaa haponi.

Kabla hatujaihukumu lipstiki nataka nikuulize mambo matatu. Umebadilisha dawa ya meno karibuni? Zile zenye mnanaa mkali huwasha kingo za midomo. Una tabia ya kulamba midomo ikikauka? Mate hukausha zaidi, na huacha duara jekundu au jeusi kuzunguka mdomo. Na unamenya embe kwa meno? Ganda la embe na utomvu wake vina kemikali za ukoo mmoja na zile za ganda la korosho, na huunguza midomo na kuacha weusi palepale unapouona wewe, kingoni. Kila msimu wa maembe ninaona lipstiki ikishutumiwa kwa kosa la dodo.

Weusi wenyewe usikutishe, ingawa najua ndio unaokunyima usingizi. Kwenye ngozi zetu, kitu chochote kikiwasha, chembe zinazotengeneza melanini humwaga rangi kupita kiasi, na nyingine huzama chini zaidi. Mchubuko hupona kwa wiki. Weusi huondoka kwa miezi. Nikwambie ukweli: miezi mitatu inaweza isitoshe kuumaliza wote, lakini inatosha kuupunguza sana iwapo kilichowasha kimeondolewa. Kama hakijaondolewa, hakuna krimu itakayokusaidia. Wakati huo usisugue midomo kwa sukari wala kwa mswaki. Najua video zinavyoonyesha. Kila msuguo ni uwasho mpya, na kila uwasho ni weusi mpya. Na zile krimu za kufanya midomo iwe ya waridi kwa wiki moja, ziache dukani. Zebaki na haidrokwinoni, viambato vya kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na bado zinauzwa ndani ya vichupa visivyo na lebo ya maana.

Kwa sasa paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi, mara nyingi kadiri upendavyo, na hasa kabla ya kulala. Mswaki piga kwa dawa isiyo kali. Kama kuwasha kunakusumbua sana, mfamasia anaweza kukupa krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, upake kidogo sana kingoni kwa siku tano hadi saba, basi. Isiwe klobetasoli, ndugu yake aliye mkali mno, wala krimu yoyote ya jirani iliyomponya haraka. Hizo kali zinatuliza kwa siku chache kisha zinazaa vipele kuzunguka mdomo, na kuviondoa ni kazi ya miezi.

Tuje kwenye sabuni, na kwa rafiki yako aliyesema uvumilie. Kuna ukweli mdogo nyuma ya maneno yake. Dawa za chunusi za kundi la retinoidi, tuseme tretinoini au adapalini, huharakisha ngozi kujibadilisha, na chunusi zilizokuwa zinajiandaa chini hutoka kwa pamoja. Hutoka mahali ulipozoea kupata chunusi na hupungua baada ya wiki nne hadi sita. Yako ni sabuni inayokaa usoni chini ya dakika moja, na vipele vimetokea mashavuni ambako hujawahi kuwa navyo. Uchafu hautoki kwa njia ya vipele. Usivumilie.

Kinachokaza uso ni hiki. Kila kinachotoa povu kina chembe zenye pande mbili, upande mmoja unapenda mafuta, mwingine unapenda maji. Ndizo zinazong'oa faundesheni. Kwa bahati mbaya hazijui kutofautisha mafuta ya faundesheni na yale ambayo ngozi imeyaweka baina ya chembe zake ili maji yasitoke. Sabuni ikiwa kali, inachukua yote. Ule uso unaolia ukipitisha kidole, ambao wengi hudhani ndio usafi, ni uso ulioporwa. Juu ya hapo kuna suala la pH, kipimo ambacho namba ikipanda ukali wa magadi umepanda: ngozi yenye afya iko karibu na 5, sabuni halisi ya mche iko kwenye 9 hadi 10, na baadhi ya sabuni za krimu za bei ghali sana ni sabuni halisi iliyovaa vizuri. Utaitambua ukiona Potassium Hydroxide kwenye lebo, pamoja na Myristic Acid au Stearic Acid zikiwa mstari wa juu. Soma yako leo. Na kama unaoga maji ya kisima yenye chumvichumvi, ambayo nyumba nyingi za Dar es Salaam ndiyo yaliyopo, sabuni halisi huungana na madini ya maji hayo na kuacha utando mweupe kwenye beseni. Utando huohuo unabaki mashavuni.

Nikiulizwa mtu abane matumizi wapi kati ya vitu vyake vyote vya urembo, nasema hapa. Vitamini C, dhahabu, dondoo za maua adimu, chochote walichoweka ndani ya sabuni ya kunawa, baada ya sekunde arobaini kiko kwenye bomba la maji machafu. Sabuni ya uso ina kazi moja, kutoa uchafu bila kupora. Tafuta isiyo na manukato, yenye povu dogo au isiyo na povu kabisa. Zipo za bei ya kawaida madukani na kwenye maduka ya dawa. Tumia jioni tu. Asubuhi, kwa ngozi ya mashavu yako, maji yanatosha. Pua inayotoa mafuta isikushawishi kunawa mara nne kwa siku, maana kiasi cha mafuta kinaamriwa zaidi na homoni. Siku uliyopaka vizito, anza kwa kuyeyusha na mafuta ya kusafishia uso au krimu ya kusafishia, ndipo unawe.

Namna ya kuijaribu sabuni mpya: nawa jioni, kausha kwa kugusagusa, usipake kitu chochote, halafu subiri nusu saa. Uso ukikaza, sabuni hiyo si yako, hata ingekuwa imeletwa kutoka Paris. Ukikaa sawa, endelea kwa wiki mbili kabla ya kuongeza kitu kingine. Usiibandike chini ya plasta mkononi kama wengine wanavyojaribu. Kitu kilichotengenezwa kioshwe kikifunikwa siku mbili kitaunguza ngozi ya mtu yeyote, nawe utaamini una mzio usio nao.

Brashi. Hapa aliyekushauri usizioshe kakuharibia kweli. Manyoya ya mbuzi ni kitu kizuri. Mji wa Kumano, katika mkoa wa Hiroshima huko Japani, umeishi kwa kazi ya brashi vizazi kwa vizazi, na mafundi wake hawakati ncha za manyoya. Huyapanga mpaka ncha zenyewe ziunde umbo, kwa kuwa nywele iliyokatwa kwa mkasi ina ncha butu inayochoma. Tatizo lako ni matumizi. Ukiutazama unywele wa mnyama kwa hadubini, umefunikwa magamba yaliyolaliana kama makuti ya paa. Magamba hayo ndiyo yanayoshika poda na kuiachia kidogo kidogo, ndiyo sifa yake kubwa. Lakini ukimwagia faundesheni ya maji, mafuta yanaingia chini ya magamba na hayatoki. Baada ya mwezi bila kuoshwa unasugua mashavu kwa mafuta yaliyooza, ngozi iliyokufa na bakteria, juu ya ngozi ambayo sabuni imeshaipora kinga yake. Kwa vipele vya mashavuni, fedha yangu naiweka hapa.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, walipima vipodozi 467 vilivyokuwa vinatumiwa na watu, zikiwemo lipstiki, wanja na sponji za kupakia faundesheni. Idadi kubwa sana zilikuwa na bakteria, na asilimia 93 ya sponji hazikuwahi kuoshwa. Madaktari wa ngozi wa Marekani hupendekeza brashi zioshwe kila siku saba hadi kumi. Kwa joto letu na jasho letu, brashi ya faundesheni mimi nasema kila wiki.

Osha hivi: ncha zielekee chini, maji ya uvuguvugu, tone la shampuu ya mtoto, zungusha kiganjani mpaka maji yatoke meupe. Usizamishe ile sehemu ya chuma, gundi iko humo. Kamua kwa taulo, rudisha umbo kwa vidole, lalisha mezani ncha zikining'inia ukingoni, washa feni. Usizisimamishe kwenye kikombe zikiwa mbichi, maji yatashuka kwenye gundi na mpini utaoza. Usizirudishe begini kabla hazijakauka kabisa. Hazitaharibika. Mbuzi hunyeshewa mvua. Kuanzia sasa hizo za manyoya zibaki kwa poda na rangi ya mashavu, na kwa faundesheni nunua moja ya nyuzi za sintetiki, ya bei ya kawaida tu. Nyuzi hizo hazina magamba na husafishika upesi. Ukinunua brashi popote, ikandamize kwanza upande wa ndani wa kifundo cha mkono uone inachoma au haichomi, na uioshe kabla ya kuitumia mara ya kwanza.

Mpangilio wa kurudi uwe hivi. Usirudishe kitu chochote mpaka midomo na mashavu viwe vimetulia. Tarajia wiki tatu hivi. Kisha brashi zilizooshwa. Baada ya wiki mbili za amani, ukitaka, jaribu ile lipstiki isiyo ya maji, lakini isianzie mdomoni: paka doa dogo upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, pale pale, kwa siku saba hadi kumi. Pakiwasha au kuota vipele, umempata mkosaji. Pasipotokea kitu, ijaribu mdomoni kwa saa chache. Zile mbili za maji sikukatazi milele, ila ziwe za shughuli maalumu, juu ya mafuta ya mgando yaliyofutwa kidogo, na zitolewe kwa mafuta, si kwa kusugua. Sabuni isiporudi hutapoteza kitu. Iweke bafuni kwa kunawia mikono, wala mama mdogo hatajua.

Uje hospitali kama midomo haijatulia baada ya wiki tatu za kuacha vyote, ikivimba, ikitoa maji au maganda ya njano, au ikipasuka pembeni na kukataa kupona (hapo huenda ni fangasi au upungufu wa damu). Uje mapema zaidi kama kuna doa moja jeusi linalokua au lenye kingo zisizo sawa. Na ukiona weusi unaingia kwenye fizi na mikunjo ya viganja, huku unachoka na kupungua uzito bila sababu, hilo si la vipodozi hata kidogo, linahitaji vipimo vya damu. Uvimbe wa uso wenye kubanwa pumzi ni dharura ya saa hiyohiyo.

Kliniki ya ngozi ikishuku mzio inaweza kukupima kwa kubandika viambato mgongoni. Vinakaa saa 48, vinabanduliwa na kusomwa, kisha vinasomwa tena siku ya nne hivi. Katikati huruhusiwi kulowesha mgongo. Ndiyo sababu nilikuambia utunze maboksi: tunabandika na lipstiki zako mwenyewe, na lebo hutuambia tutafute nini. Uliza kwanza katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe kama wanacho kipimo hicho. Ukiwa kaskazini, kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, pana kituo cha kikanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika.

Mwisho, rangi ya harusi. Lipstiki za kujaribia dukani usizipeleke mdomoni, hata muuzaji akisisitiza ni safi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu watu wawili kati ya watatu walio chini ya miaka 50 wana kirusi cha malengelenge ya mdomo, wengi bila kujua. Spiriti hupunguza hatari, haiiondoi. Mwombe muuzaji afute kichwa cha lipstiki, akwangue kidogo kwa kijiti kisafi, nawe upake kwenye ncha za vidole, upande wa ndani. Mgongo wa mkono unadanganya kwa sababu ni mweusi kuliko mdomo. Ncha za vidole zinakaribia rangi yake. Halafu toka nje ya duka. Taa nyeupe za madukani hupoza wekundu wote, na nyekundu yenye ubuluu na nyekundu yenye uchungwa hutazitenganisha vizuri mpaka uwe kwenye mwanga wa mchana. Piga picha moja kwa flashi, kwa maana ndivyo mpiga picha atakavyokuona ukumbini. Zile za rangi ya mwili ziangalie kwa makini zaidi: nyingi zimetiwa unga mweupe wa titani, na kwenye midomo yetu huonekana majivu. Chagua iliyo kwenye hudhurungi au waridi iliyokolea. Kama mdomo wa juu ni mweusi kuliko wa chini, na kwa wengi wetu ndivyo ulivyo, penseli ya mdomo iliyopakwa kote kwanza inasawazisha bila gharama kubwa. Itaficha pia weusi wa kingoni utakaokuwa umebaki.

Jaribio la mpambaji lifanyike wiki tatu au nne kabla ya harusi, kwa lipstiki na brashi zako mwenyewe; mwambie mapema, wapambaji wazuri hawakasiriki. Baada ya siku hiyo usiingize kitu kipya usoni, hata ukiletewa zawadi kwenye kitchen party. Kipokee, shukuru, kifungue baada ya fungate. Na kama wiki ya harusi midomo bado inawasha, mwombe mpambaji apake penseli iliyopita mtihani wa kiwiko, juu yake mafuta ya mgando, aiache lipstiki kabisa. Ukumbini itang'aa vizuri tu.